Maneno ya Ubaya na Karaha katika Historia ya Kiingereza cha Wachina

Katika historia ya Wachina kujifunza Kiingereza, majina ya bidhaa, hesabu na vyakula yaliingia mapema na bila kelele kwa sababu soko liliyahitaji, ilhali maneno ya kueleza kwamba kitu kina sura ya kuchukiza, au kwamba mwenendo wa mtu unatia kinyaa, yalichelewa sana na yalipofika yalifika pamoja na ugomvi. Hayakuletwa na walimu wa lugha. Yaliletwa kwanza na maofisa walioamini kwamba wametukanwa, kisha na wamisionari waliohitaji msamiati wa dhambi, kisha na waandishi wa propaganda, na mwishowe na watunga mitihani. Na kwa kuwa kila kundi liliacha nyuma yake kijitabu, kamusi au orodha, mtu anayezisoma kazi hizo kwa mfululizo hujifunza humo, kuliko anavyoweza kujifunza katika vitabu vya sarufi, ni nani katika kila zama aliyeruhusiwa kumchukia nani kwa maandishi.

Mwanafunzi wa Kichina hakukijia Kiingereza mikono mitupu, kwa maana lugha yake ilikuwa na fikra zake za zamani kuhusu ubaya. Shuowen Jiezi, kamusi ya kale ya kuchambua maandishi ambayo Xu Shen aliikamilisha mwaka 100 baada ya Kristo, inalieleza neno “chou”, lenye maana ya sura mbaya, kwa ufupi wa ajabu: ni kile kinachostahili kuchukiwa. Alama ya neno hilo, kama ilivyoandikwa kwa karne nyingi, ina sehemu mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, upande wa kushoto ukiwa na mtungi wa pombe ambao kazi yake ni kuashiria sauti tu, na upande wa kulia ukiwa na “gui”, yaani mzuka au pepo la mtu aliyekufa, na huyo mzuka ndiye anayebeba maana. Neno la uovu nalo huandikwa kwa alama yenye moyo chini yake, na alama hiyo moja ina matamshi mawili, kwani ikitamkwa “e” humaanisha uovu wenyewe, na ikitamkwa “wu” humaanisha kuuchukia. Sehemu yake ya juu, inaposimama peke yake, Xu Shen aliifasiri kuwa ni mchoro wa mtu mwenye kibyongo. Kwa hiyo mwili uliopinda, moyo mwovu na hisia ya anayeutazama moyo huo vimekaa nyumba moja. Kiswahili hakiko mbali sana na hapo, maana mtu akiitwa mbaya ni muktadha unaoamua kama imesemwa sura yake au roho yake. Serikali ya China iliporahisisha maandishi mwaka 1956, mzuka aliondolewa katika neno la sura mbaya, na mahali pake ikawekwa alama fupi yenye sauti ileile, ambayo tangu zamani ilikuwa ya mchekeshaji katika tamthilia za kuimba na ya tawi la pili la kalenda, lile la mwaka wa ng’ombe.

Urithi wa pili ulikuwa mzito zaidi. Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha kwamba moyo wa kuona aibu na kuchukia uovu ndio chipukizi la haki, ambapo aibu ni ya mtu kwa makosa yake mwenyewe na chuki ni ya mtu kwa makosa ya wengine, na asiyekuwa na moyo huo hahesabiwi kuwa mtu kamili. Kwa maneno mengine, karaha haikuwa udhaifu wa kufichwa, ilikuwa kiungo cha maadili. Pamoja na hayo, wasomi waliofafanua kumbukumbu za kale ziitwazo Chunqiu, ambazo mapokeo yanasema zilipitiwa na Confucius, walishikilia kwamba neno moja lililochaguliwa vyema hutosha kutoa hukumu: mwandishi akiandika “sha”, ameeleza kuuawa kwa mtu, lakini akiandika “shi”, amesema kwamba mtu wa chini amemuua mkubwa wake, na hapo lawama imekwisha kutolewa bila kuongeza sifa yoyote. Hukumu ya namna hiyo huitwa “bao” ikiwa ni ya kusifu na “bian” ikiwa ni ya kulaumu, na mpaka leo shule za China hufundisha watoto kuyapanga maneno katika makundi matatu, ya sifa, ya lawama na yasiyoegemea upande. Mtu aliyelelewa hivyo hutarajia kwamba kila neno la Kiingereza litakuwa limekwisha kutiwa muhuri wake, jambo ambalo Kiingereza hulifanya mara moja na kulikataa mara mbili.

Kiingereza kilipata maneno yake ya karaha kwa njia nyingine kabisa, kwa kuyaokota kwa kila mgeni aliyepita katika kisiwa kile. “Ugly” lilitoka kwa watu wa Skandinavia, na asili yake ni hofu. “Foul” ni la zamani katika lugha za Kijerumani na lilihusu kuoza na kunuka. “Vile” lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kitu cha bei rahisi. Na “disgust”, ambalo Waingereza walianza kulizoea mnamo mwanzo wa karne ya 17, lilitokana na neno la Kilatini la kuonja, kwa hiyo kwa asili ni chakula kilichokataliwa na ulimi. Msamiati wenye asili nyingi hivyo una daraja nyingi za ukali, na daraja hizo hazionekani katika umbo la neno. Peter Mark Roget, daktari wa London aliyechapisha mwaka 1852 kitabu chake cha maneno yaliyopangwa kwa maana chini ya vichwa 1,000, aliweka ubaya wa sura katika kichwa cha 846, mara tu baada ya uzuri, na akaweka uovu wa tabia katika kichwa cha 945, baada ya wema. Vyote viwili vimo katika daraja moja la hisia, lakini kati yake kuna takriban vichwa 100, na mwanafunzi wa Xu Shen angeshangaa kuona safari ndefu namna hiyo kati ya mambo ambayo kwake ni jirani.

Safari ya Kiingereza nchini China ilianzia Guangzhou, mji ambao Wazungu waliuita Canton, na ambao kuanzia 1757 hadi 1842 ulikuwa bandari pekee iliyoruhusiwa kwa biashara ya meli za Ulaya. Sheria iliwakataza wageni kufundishwa Kichina, na haikuwa sheria ya mzaha: mwaka 1759 James Flint wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, aliyekuwa amejifunza lugha hiyo, alisafiri kuelekea kaskazini kupeleka malalamiko kwa mfalme, naye akarudi kufungwa Macao miaka mitatu, wakati Mchina aliyemsaidia kuandika hati ile alikatwa kichwa. Kwa kuwa Wazungu walizuiwa kujifunza, iliwabidi wenyeji wajifunze, na kwa haja hiyo ilizaliwa pijini, yaani lugha ya sokoni yenye maneno machache na sarufi iliyopunguzwa, ambayo ndani yake Kiingereza, Kireno na Kikanton vilichanganyika kwa kiasi kwamba neno la kumtaja mwizi lenyewe lilitoka katika Kireno.

Vijitabu vya kujifunzia lugha hiyo viliuzwa kwa senti chache karibu na maghala ya wageni. William C. Hunter, mfanyabiashara wa Marekani aliyefika Canton mwaka 1825 akiwa kijana na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1882, anasimulia kimoja kilichopendwa na watumishi, wapagazi na wenye maduka, chenye picha ya Mzungu wa karne iliyotangulia katika jalada, na jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Maneno ya Mashetani. Jina hilo halikuwa la ajabu wakati ule, kwani mgeni wa Ulaya aliitwa “fan gui”, mzuka wa ng’ambo, na huyo “gui” ni yuleyule aliyekaa ubavuni mwa alama ya sura mbaya. Ndani ya vijitabu vya jamii hiyo vilivyosalia hamna herufi hata moja ya Kiingereza: neno la Kichina huandikwa kwanza, na chini yake alama nyingine ambazo zikisomwa kwa Kikanton hutoa sauti inayokaribiana na ile ya Mwingereza, hivi kwamba namba tatu iliandikwa kwa alama mbili ambazo maana yake ya kawaida ni jiografia, bila mtu kujali. Maneno hayo, yasiyofika 400, yamegawanywa katika milango minne, wa kwanza ukiwa wa hesabu za biashara, wa pili wa watu na misemo, wa tatu wa mazungumzo ya kawaida na wa nne wa vyakula na vitu mbalimbali. Mlango wa maadili haumo. Mtu aliyekijua kijitabu hicho chote aliweza kuuza chai, kukataa bei na kusema kwamba kitu hakifai, lakini hakuwa na namna ya kusema kwamba jambo fulani ni la aibu, na pengine hilo lilisaidia amani ya soko, kwa kuwa chuki yote ilikuwa imebandikwa kwenye jalada, mahali ambapo Wazungu wengi hawakuweza kusoma.

Amani hiyo ilivunjika pale mambo yalipotoka mikononi mwa wafanyabiashara na kuingia mikononi mwa serikali. Mwaka 1832, Hugh Hamilton Lindsay, mtumishi wa Kampuni, pamoja na mmisionari Karl Gützlaff, walisafiri kwa meli hadi Shanghai kuchungulia uwezekano wa kufungua biashara, na huko wakagombana na ofisa mwenyeji kuhusu neno “yi”, ambalo maandishi ya serikali yalitumia kwa watu wa nje. Lindsay alidai kwamba neno hilo ni tusi, linamfanya Mwingereza kuwa mshenzi. Ofisa alijibu kwamba Mengzi mwenyewe amemtaja Shun, mfalme mtakatifu wa kale, kuwa alikuwa “yi” wa mashariki, na haiwezekani mtakatifu akatukanwa na Mengzi. Jibu hilo lilikuwa la kisomi na, kwa kiasi kikubwa, sahihi. Hata hivyo halikumridhisha Lindsay, ambaye naye alitoa mfano kutoka kwa mwandishi wa Kichina aliyelitumia neno hilo kwa dharau.

Miaka miwili baadaye shauri kama hilo lilimkuta mtu mkubwa zaidi. Bwana Napier, msimamizi mkuu wa kwanza wa biashara ya Uingereza nchini China, alifika Canton Julai 1834 bila kibali na akataka kupeleka barua moja kwa moja kwa Lu Kun, gavana mkuu, ambaye aliikataa kwa sababu haikuandikwa kwa muundo wa ombi. Katika nyaraka za Kichina Napier alitajwa kwa cheo cha “yimu”, ambacho maana yake ni kiongozi wa watu wa nje, ila kwa kuwa sehemu ya pili ya neno hilo pia humaanisha jicho, wafasiri wa Kiingereza walilileta kama jicho la washenzi, na magazeti yakafurahia. Kilichouma zaidi ni jina. Sauti ya jina lake iliandikwa kwa alama tatu zinazosomeka Lü-lao-bei, ambazo ya pili ni taabu na ya tatu ni hali ya chini, na Waingereza wakaelezwa kwamba mjumbe wao ameitwa “Laboriously Vile”, kana kwamba Wachina wamemtangaza kuwa mtu mchafu wa maadili anayejitaabisha katika uchafu wake.

Inafaa kulitazama tukio hilo kwa karibu, maana kosa lake si la kitoto. Neno “bei” katika Kichina cha maandishi ni la cheo, linamtaja aliye chini kwa aliye juu, na Mchina mwenye adabu angeweza kulitumia kujitaja mwenyewe kwa unyenyekevu. “Vile”, kama ilivyoonyeshwa, nalo lilianza kama neno la kitu cha thamani ndogo. Maneno hayo mawili yalikuwa yametoka sehemu moja, yaani kutoka kwenye fikra ya uduni, lakini kufikia karne ya 19 lile la Kiingereza lilikuwa limekwisha kuhama kutoka sokoni hadi kanisani na kuwa neno la uozo wa roho, ilhali la Kichina lilikuwa bado limesimama kwenye ngazi ya vyeo. Kama aliyechagua alama zile alikusudia kumshusha Napier cheo, tafsiri ilimfanya aonekane amemshusha utu. Napier aliondoka Canton akiwa mgonjwa na kufariki Macao Oktoba 1834, na mfasiri wake mkuu, Robert Morrison, alikuwa amemtangulia kaburini Agosti 1 ya mwaka huohuo.

Kwa upande wa pili, Lin Zexu, kamishna aliyetumwa Guangzhou mwaka 1839 kukomesha afyuni, na aliyeteketeza makasha zaidi ya 20,000 ya bidhaa hiyo huko Humen, aligundua kwamba hasira yake haikuwa na Kiingereza cha kuivaa. Barua yake kwa Malkia Victoria, iliyowauliza Waingereza dhamiri yao iko wapi wanapouza kwa wengine sumu wanayoikataza kwao, ilihitaji wafasiri wenye maneno ya lawama ambayo wakalimani wa bandarini hawakuwa nayo, naye akawakusanya waliosomea shule za wamisionari, mmoja wao Yuan Dehui, mwanafunzi wa zamani wa chuo cha Malacca. Vita vilivyofuata havikusababishwa na tafsiri, vilisababishwa na afyuni na fedha. Lakini wakati wa vita vya pili vya afyuni Waingereza waliona suala la matusi linastahili kifungu kizima, na Mkataba wa Tianjin wa 1858 katika kifungu cha 51 ulipiga marufuku matumizi ya “yi” kwa serikali au raia wa Uingereza katika nyaraka zote za serikali ya China, huku kifungu cha 50 kikisema kwamba panapotokea hitilafu, maana ya Kiingereza ndiyo itakayoshika. Ni nadra katika historia ya lugha kwa mzinga kutumika kufuta neno. Watawala wa Qing wenyewe walikwisha kulifanya hilo kwa upole zaidi mwaka 1644, walipolibadili jina la ofisi ya wafasiri iliyoanzishwa mwaka 1407, wakitoa alama ya “yi” yenye maana ya watu wa nje na kuweka “yi” nyingine yenye maana ya kufasiri, pasipo sauti kubadilika isipokuwa toni yake, na sababu yao ilieleweka: kama Wamanchu, nao waliwahi kuitwa hivyo.

Kamusi, wakati huo, zilikuwa zikifanya kazi yake taratibu. Ya Morrison, iliyochapishwa Macao kati ya 1815 na 1823 kwa gharama za Kampuni, ilikuwa na sehemu tatu, ya mwisho ikiwa ya Kiingereza kwa Kichina, na ingawa ilisaidia zaidi Wazungu kuliko Wachina, ndani yake msamiati wa dhambi ulipata makao, kwa sababu Morrison alikuwa akifasiri Biblia wakati uleule. Walter Henry Medhurst alifuata Shanghai mwaka 1847 na 1848, na Wilhelm Lobscheid Hong Kong kati ya 1866 na 1869. James Legge, mkuu wa chuo kilichohamishwa kutoka Malacca hadi Hong Kong, alianza kuchapisha tafsiri zake za vitabu vya kale mwaka 1861, na moyo wa Mengzi wa kuchukia uovu ukapewa kwa Kiingereza neno la kutopenda tu, “dislike”, ambalo Mwingereza hulitumia hata kwa kabichi. Chaguo hilo ni la kiasi mno, na wafasiri waliokuja baadaye walilikaza.

Kamusi ya kwanza ya Kiingereza na Kichina kutungwa na Mchina ilitoka Hong Kong mwaka 1868, na mtunzi wake, Kuang Qizhao, ambaye katika vitabu vya Kiingereza anajulikana kama Kwong Ki Chiu, anastahili heshima zaidi ya anayopewa. Alipokuwa Hartford, Connecticut, katika ujumbe uliosimamia wavulana 120 wa Kichina waliopelekwa kusoma Marekani kati ya 1872 na 1881, alitambua kwamba mwanafunzi anayejua maneno mojamoja bado ni bubu, na mwaka 1881 akachapisha New York kamusi ya misemo ya Kiingereza yenye sentensi za mifano. Tofauti ya mbinu hiyo na kijitabu cha Canton ni kubwa, kwa sababu neno la karaha halina uzito likiwa peke yake: mtu anayejifunza kwamba “homely” ni neno la mtu asiye na sura nzuri amejifunza la Marekani, na akilitumia London atakuwa ameisifu nyumba kwa utulivu na ukarimu wake.

Nyumbani, waliojifunza Kiingereza walikuwa wenyewe wakichukiwa. Feng Guifen, msomi wa Suzhou aliyeandika mwaka 1861 kudai shule za lugha, aliwaeleza wakalimani wa bandari kuwa watu wepesi wasiojua zaidi ya majina ya bidhaa na bei zake, na dai lake lilichangia kuanzishwa kwa shule ya Tongwen Guan, Beijing, mwaka 1862 ikiwa na wavulana kumi wa Kimanchu. Mwaka 1867, shule hiyo ilipotaka kuongeza elimu ya falaki na hisabati, Woren, mmoja wa wasomi wakubwa wa Kasri, alipinga kwa hoja kwamba ni fedheha kuwafanya watu wa nje kuwa walimu, na beti za kejeli zikasambaa mjini zikiicheza tena sauti ya “gui”. Mwanafunzi wa Kiingereza wa miaka hiyo aliijua maana ya karaha kabla hajajifunza neno lake. Hali iligeuka baada ya China kushindwa na Japani mwaka 1895, kwani shirika la uchapishaji la Commercial Press, lililoanzishwa Shanghai mwaka 1897, lilijipatia jina mwaka uliofuata kwa kitabu cha Kiingereza kilichotayarishwa na Xie Honglai kutoka katika vitabu ambavyo Waingereza waliwatungia watoto wa India, na mitihani ya kale ya utumishi ilipofutwa mwaka 1905, Kiingereza kiligeuka kutoka aibu kuwa ajira.

Mapinduzi ya 1949 yalileta zamu nyingine, na safari hii mkondo ulipinduka: badala ya Wachina kupokea maneno ya karaha kutoka kwa Waingereza, walianza kuwapa. Mfano unaojulikana zaidi ulitangulia mapinduzi yenyewe, ukitokea Yan’an Agosti 1946, katika mahojiano ya Mao Zedong na mwandishi wa Marekani Anna Louise Strong. Mao alipowaita wapinga maendeleo kwa maneno ya Kichina yenye maana ya simbamarara wa karatasi, mkalimani alitumia kwanza neno la Kiingereza la sanamu ya kutishia ndege shambani. Mao akasimamisha mazungumzo, akauliza maana yake, akakataa. Sanamu ile, alieleza, husimama shambani kuwatisha kunguru, ilhali yeye alikusudia kitu chenye sura ya kuogofya ambacho mvua ikinyesha hulainika. Kwa hiyo “paper tiger” likaenea katika Kiingereza kwa amri ya aliyelisema, na “running dog”, yaani kibaraka, likawa la kila siku katika Peking Review, jarida lililoanza mwaka 1958. Radio Peking ilikwisha kuwa na idhaa ya Kiswahili kuanzia 1961, na wasikilizaji wa Afrika Mashariki, ambao siasa zao wenyewe zilikuwa na mabeberu, makupe na vibaraka, hawakuona ugeni wowote katika lugha ya namna hiyo.

Kiingereza cha darasani cha miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni kilikuwa na wingi wa lawama na uhaba wa ladha. Tahariri ya Gazeti la Umma ya Juni 1, 1966 iliyotaka kufagiliwa kwa pepo wa ng’ombe na mizuka ya nyoka, msemo wa kale wa kuwataja viumbe wa kutisha ambao sasa ulielekezwa kwa wasomi na maofisa, ilifasiriwa kwa Kiingereza na kuenea, na walimu wengi wa lugha hiyo walijikuta ndani ya kundi linalofagiliwa. Mwanafunzi aliyemaliza shule wakati huo aliweza kuwashutumu mabeberu kwa ufasaha, lakini hakufundishwa namna ya kusema kwamba chumba kina vumbi au kwamba kofia ya mgeni haimpendezi. Daraja zote za karaha zilikuwa zimekunjwa zikawa moja, ya juu kabisa.

Kuzikunjua kulichukua muda. Mtihani wa kuingia vyuo vikuu ulirudishwa mwaka 1977, na alama za Kiingereza zikapandishwa hatua kwa hatua hadi kuhesabiwa kikamilifu mwaka 1983. Lu Gusun wa Chuo Kikuu cha Fudan, aliyekuwa miongoni mwa watunzi wa kamusi mpya ya Kiingereza na Kichina iliyotoka Shanghai mwaka 1975 chini ya shinikizo kubwa la kisiasa, aliongoza baada ya hapo kamusi kubwa iliyochapishwa kwa juzuu mbili mwaka 1989 na 1991, yenye vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, takriban 200,000, iliyotegemea Kiingereza kama kinavyoandikwa na wenyewe.

Wakati kamusi ilikuwa ikirudisha daraja, mitihani ya kwenda ng’ambo ilizichanganya upya. Yu Minhong alianzisha Beijing mwaka 1993 shule ya New Oriental, iliyowafundisha vijana kufaulu TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, na GRE, mtihani wa kuingia shahada za juu Marekani, na kitabu chake cha msamiati wa GRE, kwa sababu ya jalada lake, kiliitwa na wanafunzi “hong bao shu”, kitabu chekundu cha thamani, jina lilelile ambalo wazazi wao walikipa kitabu cha nukuu za Mao. Ndani ya vitabu vya aina hiyo, maneno ya karaha yalikaririwa kwa mizizi ya Kilatini, “malign” pamoja na “malevolent” na “malicious”, na kwa vinyume, kwa sababu mtihani ulikuwa na sehemu nzima iliyompa mtahiniwa neno moja lisilo na sentensi na kumtaka achague kinyume chake. Kwa mtu aliyezoea kuyapanga maneno katika sifa na lawama, sehemu hiyo ilikuwa rahisi kuliko ilivyostahili: alihitaji kujua muhuri wa neno tu, na uzito wake haukuulizwa.

Sehemu ya vinyume iliondolewa Agosti 2011, na mahali pake yakaongezwa maswali yanayotoa sentensi moja yenye pengo na kumtaka mtahiniwa achague maneno mawili ambayo kila moja likiwekwa humo, maana ya sentensi itabaki ileile. Wachapishaji wa China walijibu kwa kutoa orodha za maneno yanayolingana, ambazo huyaweka “repugnant” na “abhorrent” katika mstari mmoja. Katika sentensi nyingi wapangaji hao wako sahihi, na katika nyingine la kwanza bado lina kinyaa cha mwili ndani yake na la pili ni hukumu tupu, tofauti ambayo mstari wa orodha hauna nafasi ya kuiandika.